Habari za Bwana Stoo, Maneno ya Kijapani na Kigoda cha Koridoni

Njoni, enyi mlioketi na enyi mliosimama mkingoja kiti. Wekeni chini vikombe, zimeni redio, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana ninayoyanena si ya kusikilizwa nusunusu. Namsimulia Bwana Stoo, mshika funguo za ghala la rangi, jemadari wa makopo makubwa na madogo, shujaa aliyeazimu kuyateka maneno ya Kijapani ilhali hajawahi kumtia Mjapani machoni, wala hakutumwa na mtu.

Kwa nini aliazimu? Kazini alisema mashine za kuchanganyia rangi zimetoka huko, na ipo siku zitaharibika. Jirani aliambiwa kwamba ubongo usiofanyishwa kazi huota kutu. Mkewe aliambiwa elimu haina mwisho, naye akajibu kwamba hata vyombo vya kuosha havina mwisho, lakini hajamwona mtu akivikimbilia. Zilikuwa sababu njema, na zote zilikuwa uongo. Sababu yenyewe ilikuwa mwanyumba wake, mume wa dada wa mkewe, fundi lifti aliyewahi kupelekwa Japani kwa mafunzo mafupi, akarudi na salamu mbili na koti moja, na tangu hapo kila wanapokutana ukweni hupewa kiti chenye mto. Kiti hicho, wasikilizaji wangu, kilimkaa Bwana Stoo rohoni kama mfupa kooni.

Basi shujaa akaingia vitani. Kwanza alikariri kama kasuku, asubuhi akinyoa ndevu, jioni akivua viatu, na maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Kisha akabandika vikaratasi kwenye vyombo vyote vya nyumba, mpaka kimoja kikaiva pamoja na mboga na kuliwa na yeye mwenyewe. Ndipo aliposoma mahali kwamba mabingwa wa kumbukumbu huyapanga maneno ndani ya nyumba wanayoijua, kila neno juu ya kitu chake, halafu huipita nyumba hiyo kwa fikra wakiyaokota moja moja.

Akafumba macho, akapanga. Juu ya kochi akamlaza paka mnene: neko. Ndani ya kabati akaweka yai kubwa lililoshindwa kutosha: tamago. Chini ya meza akaegesha gari: kuruma. Na koridoni, kwenye njia ya kwenda chooni, kulikuwa na kigoda kifupi alichokipaka mwenyewe rangi ya sakafu iliyobaki ghalani, hata macho mazima yalikuwa yakikikosa. Juu ya kigoda hicho akamsimamisha fahali aliyeinamisha pembe: abunai, yaani hatari.

Na ajabu, maneno yalikaa. Kila alipokitupia kitu jicho, neno lake liliruka lenyewe mpaka mdomoni. Bwana Stoo akapiga marufuku kusogeza chombo chochote nyumbani mwake, hata kwa kufagia.

Katika siku hizo hizo mama mkwe alipasuliwa jicho. Daktari akaagiza asijikwae, asianguke, wala asigonge kichwa mpaka kidonda kipone, la sivyo jicho litapotea. Ikaamuliwa apumzike kwa binti yake.

"Baba watoto," mke akasema, "mama anakuja Jumapili. Jicho moja limefungwa, na hilo lingine unalijua. Naomba hiyo korido iwe wazi. Hicho kigoda kwanza."

Bwana Stoo akasimama, mkono kifuani. "Ewe mwenzi wa maisha yangu, niombe mshahara, nitakupa, niombe usingizi wangu, nitakesha. Lakini kigoda hicho ni ngome. Ukikisogeza shubiri moja fahali ataanguka, na nyuma yake yataporomoka maneno yote mpaka bafuni. Vumilia mpaka huyo mwanyumba amlete mama. Nitayatamka mbele yake, neno kwa neno, na nikishamaliza hamisha hata kuta."

"Ni kigoda tu, bwana."

"Hata kiti cha enzi ni mbao tu, mama watoto."

Mke akarudi jikoni amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Wiki nzima alikiomba kigoda kile, na wiki nzima alipewa hotuba.

Jumapili ikafika. Mwanyumba akaingia na koti lake, jasho likimtoka, amemshika mama mkwe mkono.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Stoo.

"Marahaba, mkwe wangu. Nakuona kama kivuli, ila sauti ni ile ile."

Mama akakalishwa kwenye kochi, juu ya paka asiyemjua. Mwanyumba, bila kuambiwa na mtu, akajichukulia kiti chenye mto. "Nasikia na wewe umejitosa kwenye Kijapani," akasema. "Hebu tusikie."

Shujaa akasimama katikati ya sebule, akafumba macho, akaingia nyumba yake kwa fikra. Maneno yakatoka kwa mpangilio kama askari wa gwaride, na mwanyumba akawa anakunja kidole kwa kila moja, uso ukimsawijika. Mke alikuwa jikoni anachuja chai. Na mama mkwe, ambaye hapendi kusindikizwa chooni kama mtoto, akainuka kimya, akapapasa ukuta, akashika korido.

Bwana Stoo alipofika koridoni kwa fikra, alisikia nyayo za kweli. Akafumbua macho. Mama alikuwa hatua chache kutoka kwenye kigoda.

Hapo aliogopa, na si kwa mzaha. Kiswahili alichokinyonya pamoja na maziwa kilikuwa na maneno tele ya kumfaa: ngoja, simama, angalia. Hakuna lililokuja. Macho yaliona kigoda, na kigoda kikatoa kile kilichowekewa.

"Abunai," akanguruma, na hakuna mwalimu ambaye angeisahihisha herufi yake hata moja.

Mama akasimama, ameshtuka. "Nani huyo?"

Mwanyumba, mtu pekee pale aliyepaswa kulielewa neno lile, akakunja kidole kingine. "Safi," akasema. "Endelea."

Mama akadhani ameambiwa yeye, akaendelea.

Naam, semeni mliwahi kusikia habari za watu walioruka mitaro na kuta za miji. Bwana Stoo aliruka meza, gari likiwa bado chini yake, akateleza kwa soksi, akakinyakua kigoda kwa mkono mmoja na kukiinua juu ya kichwa chake. Mguu wa mama ukatua pale kilipokuwa, ukakuta sakafu tupu.

"Kumbe njia yenyewe ni pana," mama akasema, akipita. "Binti yangu alinitisha bure."

"Umeishia hapo?" mwanyumba akauliza kutoka sebuleni.

Bwana Stoo akatafuta neno linalofuata. Fahali alikuwa ameanguka, na nyuma yake hakukuwa na kitu.

"Nimeishia hapo."

Mke alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, chujio mkononi.

"Na Kiswahili je," akauliza, "ulikiweka juu ya kiti gani?"

Na iandikwe kwa wino usiofutika, wajukuu wasomewe, kwamba siku hiyo, baada ya kuombwa wiki nzima, mtu mzima mwenye akili zake aliondoa kigoda njiani. Na mama mkwe, jicho lake likiwa salama, akafika chooni.