Bendera Juu ya Benchi

Jumapili, 4 Juni

Kikao cha tawi. Nilifika wa kwanza, kama kawaida yangu. Wenzangu hufika wakisikia harufu ya nyama.

Mwenyekiti wetu ni Rommel, kijana muuguzi. Baba yake nilimfundisha mimi kushika nyundo. Leo kijana huyo kasimama mbele yetu akasema Udugu wa Mwenge si chama cha kuimba karaoke na kucheza mpira wa kikapu tu, ni chama cha kuhudumia watu. Kwa hiyo kila ndugu awe amefanya mradi mmoja wa huduma kabla ya Jumapili ijayo, siku ya sherehe ya tawi. Asiyefanya atatolewa kwenye safu. Na aliyetolewa kwenye safu, siku akifa, tawi haliji.

Watu wakanigeukia mimi. Sijui kwa nini.

Tawi kutokuja maana yake nini, nani anajua kama mimi? Tulianzisha tawi hili la Santa Ines mwaka 1989, watu saba. Watano wameshakufa. Wote watano walilala chini ya bendera yetu ya njano, ndugu wamesimama mistari miwili, jina la marehemu likaitwa mara tatu, likajibiwa na kimya. Kona ya mbele ya kulia niliishika mimi, kwa wote watano. Mkono haukutetemeka. Leo niambiwe mimi nitafukiwa kama mbuzi wa mtu?

Wa saba ni Abundio, mwenye duka la njia panda. Kila Jumamosi huwapikia watoto wa mtaa uji wa mchele na kuku. Uji wenyewe maji matupu. Kuku amepitishwa juu ya sufuria akaonyeshwa njia. Lakini huo ndio wanauita mradi.

Nikasimama nikasema mimi miradi ninayo mingi kichwani, shida yangu ni kuchagua. Abundio akasema, "Mwacheni, kaka yangu Panyong anachagua tangu 1989."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nimerudi nyumbani bila kula. Kusema kweli nilikula kidogo.

Jumatatu, 5 Juni

Mradi: kutoa damu. Wauguzi walikuja na gari lao uwanja wa kikapu. Damu yangu ni nzuri, haijawahi kutumika.

Nikaulizwa umri, maana wazee hawachukuliwi damu. Nikasema hamsini na nane. Binti akanitazama, akauliza nilizaliwa mwaka gani. Nikamwambia mambo ya miaka aliyashika mama yangu, na mama yangu hayupo. Basi akauliza mtoto wangu mkubwa ana umri gani. Nikasema Merlinda juzi katimiza hamsini, ana nyumba ya ghorofa, hajawahi kunikopa. Nilijisahau. Nikianza kumsifu Merlinda huwa sisimami.

Binti akasema, "Babu, kwani ulioa ukiwa darasa la pili?"

Nikamjibu darasa la pili ndiko nilikoachia shule, kwa hiyo kuhesabu ni kazi yake. Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikapewa biskuti na kivuli. Damu imebaki yote ndani, haina kazi.

Mke wangu Puring angekuwepo asingecheka. Angecheka kuliko wote. Yuko kwa Merlinda tangu Pasaka, tulipotofautiana kuhusu paa la jikoni. Nililibandua ili nilirekebishe. Bado nalirekebisha.

Jumatano, 7 Juni

Mradi: kusafisha mtaro. Peke yangu, tangu asubuhi, watu wazima wanatazama kama wako sinema. Nimetoa chupa, mifuko, ndala za mguu mmoja mmoja, godoro. Kisha likaja swali: uchafu uende wapi? Mtaro una mteremko. Nikausukuma uondoke na maji. Maji yanajua njia kuliko mimi.

Mchana mvua ikapiga. Uchafu wote ukajikusanya chini ya kidaraja cha mbele ya duka la Abundio, ukaziba. Maji yakapanda, yakaingia dukani, yakatoka na vitunguu. Nimesimama mlangoni pangu nikaviona vinapita, vimepangana vizuri, kama wanafunzi wanaotoka shule.

Tawi zima likaitwa kuzibua. Rommel amesema kazi hiyo ihesabiwe mradi kwa kila aliyeshiriki. Hata wale wavivu wawili wa nyumba ya kona sasa wana mradi. Mimi sikushiriki, nilikuwa nimejifungia ndani. Simu yangu imeingia maji, imekufa.

Jioni Abundio akapita. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na ya kujibu matatu. Hakutukana. Akasema, "Panyong, kaka yangu, ungeniambia tu nitoe vitunguu kwanza." Akaenda zake.

Upole wa namna hii ndio utaniua, na bendera sitapata.

Alhamisi, 8 Juni

Nimelala vibaya. Lakini nimegundua kosa langu. Sikuwa na bango.

Hapa kwetu jambo lisilo na bango lenye uso wa mtu halijafanyika. Diwani aliyetoa taa mbili za barabarani ana bango refu kuliko nguzo za taa. Hata uji wa Abundio una bango, yeye na mwiko wake. Mimi nafanya kazi kimyakimya kama mchwa, nani atajua?

Mradi mpya: kuwapima watu presha bure, nyumbani kwangu, Jumamosi. Mashine anayo binamu yangu Celso, ng'ambo ya mto. Ila bango kwanza.

Binti wa duka la mabango akataka maneno. Nikamwambia picha kwanza. Nimempa ile ya harusi ya Merlinda: shati jeupe la nyuzi za nanasi, nywele zimelala, natazama mbali kidogo. Nikataka uso ujae. Akasema, "Babu, uso ukiwa huu, maneno hayataenea." Nikamwambia uso wangu unajieleza. Basi tumebakiza jina langu kamili, Epifanio Magsumbol, nembo ya tawi, "Mtumishi wa Watu", na "Jumamosi, nyumbani". Presha haikupata nafasi. Wakija wataiona.

Kwa nyuma akanionyesha rangi. Nikachagua mawingu, yanaonekana safi. Akasema kuna na njiwa, hawana malipo ya ziada. Nikachukua wanne.

Binti akatazama kazi yake, akanitazama mimi, akauliza, "Babu, una uhakika na njiwa?"

Nikamwambia mimi si mtu wa kusitasita.

Ijumaa, 9 Juni

Bango limetundikwa langoni alfajiri. Refu kuliko mlango. Nilirudi nyuma hatua kadhaa kulitazama, nikajisikia kuvua kofia.

Nikafunga nyumba, nikapanda basi kwenda kwa Celso. Mashine nimeipata. Mvua nayo imenipata. Daraja limefungwa, hakuna kupita. Nalala hapa. Celso anakoroma kama pikipiki, lakini moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza wiki hii. Kule nyumbani bango linafanya kazi.

Jumamosi, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Daraja lilifunguliwa asubuhi. Nilipofika kona ya kwetu nikaona watu. Turubai la ofisi ya mtaa limefungwa mbele ya nyumba yangu, viti vimejaa mpaka barabarani, kahawa na biskuti zinazungushwa, meza mbili wanacheza karata. Nguruwe mzima anageuzwa juu ya makaa. Nikasema moyoni, ona sasa, presha tu hii. Nikazunguka kwa nyuma, nikaingia kupitia jiko lisilo na paa, nibadilishe shati kabla ya kuwahutubia.

Ndipo nikasikia sauti ya Abundio huko nje. Nikachungulia kwenye ufa.

Ndugu wote wamesimama mistari miwili, fulana za njano. Katikati benchi langu la mbao. Juu ya benchi, bendera.

Walidhani nimekufa. Bango waliliona, mawingu na njiwa kama mabango ya marehemu, nyumba imefungwa, simu haipatikani. Daraja lilipofungwa wakaamini sanduku langu limekwama mochwari, ng'ambo ya mto. Na kwa kuwa Rommel mchana alikuwa na zamu hospitali, wakaona heshima itolewe mapema, juu ya benchi.

Mtu mwenye akili angetoka pale pale. Mimi nikataka kwanza nisikie wanasemaje.

Abundio alikuwa analia. Alisema Panyong hakujua kuimba, hakujua kupika, na kuambiwa jambo ndiyo kabisa hakukujua. Lakini ndugu watano tuliowazika, alisema, hakuna aliyewashikia bendera kama yeye. Alishika kama anamfunika mtoto. "Sasa kona ile nimeishika mimi," akasema, "na mkono wangu unatetemeka, nisameheni."

Nikakaa chini kwenye ndoo. Machozi yakanitoka, sioni aibu kuyaandika.

Kisha Abundio akaongeza kwamba fainali ya kikapu ya 1994 yeye ndiye aliyefunga kikapu cha ushindi. Uongo mkubwa. Nilifunga mimi. Nikajizuia kwa mikono miwili.

Rommel akaita, "Ndugu Epifanio Magsumbol." Kimya. Akaita tena. Kimya, mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Akaita mara ya tatu. Sasa mimi tangu utoto nikiitwa naitika, marehemu baba alituchapa kwa hilo. Nikaitika.

"Nipo. Na kile kikapu ni changu."

Viti vilianguka vyote. Karata zikapeperuka. Mama yule aliyelia akazimia, nikamkimbilia na mashine, mradi wangu wa kwanza. Mashine haina betri. Celso hakuniambia.

Katikati ya vurugu basi likasimama, akateremka Puring, amevaa nyeusi juu mpaka chini, Merlinda nyuma yake. Kuna mtu alimtumia picha ya bango. Nikamwambia karibu. Akasema, "Nimelia tangu stendi mpaka hapa, wewe mzee. Wenye basi wamenipa leso. Leso za watu nitazirudisha nikisema nini?"

Nguruwe aliliwa hata hivyo. Na baada ya kula, kwa kuwa mtu akitoka msibani haendi moja kwa moja kwake, mauti isije ikamfuata nyumbani, wote walipitia kwanza dukani kwa Abundio. Nikawafuata nikiwaambia hakuna msiba, mwenye msiba ni mimi hapa nazungumza. Wakasema hawabahatishi. Abundio aliuza mpaka mishumaa ya mwaka jana.

Jumapili, 11 Juni

Kikao kabla ya sherehe. Nikasema wazi: mtaa mzima ulikula, ukacheza, ukakutanishwa. Kama huo si mradi, mradi ni nini?

Rommel akajikuna kichwa. Akasema nguruwe alinunuliwa na tawi, kahawa imetoka kwa majirani, mimi nimechangia kifo tu, na nacho sikukitimiza. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Kisha akasema jambo zito zaidi. Heshima ya bendera ndugu hupewa mara moja. Mimi nimeshapewa. Bendera imetandikwa, mistari imesimama, jina limeitwa mara tatu. Kuirudia itakuwa dhihaka kwa wale watano.

Nikasema haikuwa halali, niliitika. Rommel akasema niliitika kwa kuchelewa.

Abundio akasimama kunitetea. Aliomba wanipe tena, kwa udugu tu, hata bila mistari, hata bendera ikunjwe nusu. Nikamwambia sihitaji nusu ya kitu kutoka kwa mtu aliyeniibia kikapu. Akakaa.

Ikapigwa kura. Nikanyoosha mkono wangu juu kabisa. Rommel akasema, kwa upole, "Babu, samahani. Marehemu hapigi kura."

Nilishindwa kwa kura moja. Kura ambayo haikupigwa ni ya Abundio. Anasema nilimkatisha tamaa.

Sikubaki kwenye sherehe. Waliniwekea chakula kwenye jani la mgomba. Harufu yake niliisikia mpaka nyumbani.

Jumanne, 13 Juni

Siku mbili sikuandika. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta. Puring hajaondoka. Anasema atabaki mpaka nguo nyeusi zikauke, alizifua. Anapika kwa mwavuli.

Leo asubuhi Abundio alipita akasema twende wote kwa Rommel, niombe radhi kwa maneno mawili tu, kura irudiwe, yeye atanyoosha mkono. Akasema, "Kaka, maneno mawili. Hata moja." Nikamwambia Magsumbol haombi radhi kwa muuguzi. Ameenda kuwapikia watoto uji waliokosa Jumamosi kwa ajili ya msiba wangu.

Mimi nimeshapata njia. Nimejitenga. Kuanzia leo kuna tawi jipya hapa Santa Ines, Udugu wa Mwenge Halisi. Mwanzilishi mimi, mwenyekiti mimi, mshika bendera mimi. Bendera nitaagiza kubwa kuliko yao. Yule binti wa mabango nimeshamwambia aache nafasi ya uso.

Puring alisikiliza yote huku anamenya vitunguu. Kisha akauliza, kama mwanachama ni mmoja, siku mwanachama huyo akifa nani atamtandikia hiyo bendera.

Nimemjibu suala hilo litajadiliwa kwenye kikao. Kikao ni Jumapili. Nimeshapanga viti.