Mafundi Mia Nne na Kumi na Wawili wa Mheshimiwa Jumbe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Katibu, ambaye bado yuko njiani kutoka Sandton, wazee wetu wa Tanga na Unguja, papa Gaston, mama Clémentine na ndugu zetu wote wa Bukavu, vijana wenyeji wa Johannesburg mlioketi nyuma bila kuelewa Kiswahili, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Jumbe Khatibu, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Ufundi kwa Vijana Wenyeji na Wanawake, nasimama katika ukumbi huu wa Fordsburg, mwaka huu wa 2017, kuwatangazia kwamba, kwa mujibu wa tathmini ya kimkakati ya utekelezaji shirikishi, tumekwisha kutoa mafundi mia nne na kumi na wawili, wa umeme, wa mabomba na wa kuchomelea vyuma, na kati yao asilimia sitini na tatu nukta tano ni wanawake! (Vigelegele. Mama Clémentine: "Na huyo nukta, papa, yeye ni nani?")

Takwimu hii sikuiota. Niliisoma kwa macho yangu katika barua ya Kizulu iliyohusu mradi wetu: abafundi, mia nne na kumi na wawili. Nani hapa asiyejua maana ya fundi? (Vijana wenyeji, kwa kusikia neno lao, wanaangua kicheko. Sauti ya msichana: "Eish, baba Jumbe! Kwa Kizulu abafundi ni wanafunzi. Hao ni walioomba nafasi. Mimi mmojawapo!")

Tunamtambua Samira, binti wa Bi Zabibu wetu wa Unguja, mzaliwa wa Hillbrow, aliyeacha kazi ya kusuka saluni miezi kumi na minne iliyopita ili asubiri darasa la umeme. Binti, kusubiri kwako kumo katika ripoti, ukurasa wa tisa, chini ya "Mafanikio". Na hilo la wanafunzi kuwa mafundi ni suala la teminolojia, nalo litapelekwa kwenye kamati ndogo ya... (Kipaza sauti kinakufa. Mheshimiwa anahutubia dakika nne bila kusikika, na ukumbi unaburudika. Samira anapanda jukwaani, anafungua plagi kwa ncha ya kisu, anakaza waya. Mama Clémentine: "Yee! Mutoto anajua kazi!")

Nasikika! Mmejionea matunda ya mradi! (Samira: "Nilifundishwa na mjomba Bakiri, kwa kutengeneza redio mbovu. Karakana ya mradi iko wapi?") Swali zuri, la kistekiholda. Karakana iko katika hatua ya pailoti ya dhana. Semeni nami: Bisibisi mkononi! Wanawake juu! (Papa Gaston: "Juu ya nini?")

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mwenye gereji ya jirani, aliyeturuhusu kupiga picha mbele ya mitambo yake. Mchapaji wa bango. Na mchonga muhuri. Hapo nimewamaliza wote, maana mradi hauna mtu mwingine, wala chumba, wala nyundo. Nawe Samira, kuanzia leo wewe ndiwe mwanafunzi wetu wa kwanza, na kwa kuwa mwalimu hatuna, ndiwe mwalimu.

(Samira: "Sawa, baba. Basi kaa." Anachomoa waya, anakifungua kipaza sauti, anawaita vijana wenyeji mbele kwa Kizulu, na somo la kwanza linaanza, kipaza sauti cha Mheshimiwa kikiwa vipande vipande mezani.)