Mitihani ya Jentrix na Watoto Sifuri

Jumatatu, 14 Agosti 2006. Kitale.

Jentrix ametengeneza lugha! Si kujifunza. Kutengeneza! Kitinda mimba wangu, yule aliyechelewa hata kutembea. Haya, sasa hujambo, daftari. Mimi sijambo, ila kichwa kimevimba, kitambaa hakinitoshi.

Ni lugha ya kuamuru kompyuta, tena kwa Kiswahili. Unaandika weka, gawa, andika. Ndani mna kitu kinaitwa kompaila. Mimi namwita karani: anasoma maneno yako, anayageuza yawe ya mashine. Niliishia darasa la saba lakini hapo nimeelewa. Ili kumchunga karani, Jentrix ameandika mitihani midogo mia tatu na arobaini. Kila akirekebisha kitu kimoja, mashine inairudia yote yenyewe, isije ikawa kilichofanya kazi jana kimeharibika leo. Mtihani ukienda sawa, mstari wa kijani. Ukienda vibaya, mwekundu. Leo amerekebisha mambo ya kugawa, kazi ya wiki tatu. Kijani tupu! Niliketi hapo natazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

Jumamosi mwalimu wake wa chuo, Bwana Kagwe, anakuja kuiona. Akiridhika, Jentrix atapata kazi ya kufundisha hukohuko chuoni. Asiporidhika, anarudia mwaka mzima. Nimewaambia watu wa kanisa. Nimewaambia na wasio wa kanisa.

Jumanne, 15 Agosti.

Jentrix amenifundisha kufungua mitihani na kuisoma. Ati anataka kujua kama mtu wa kawaida ataelewa. Mimi ndiye mtu wa kawaida! Mifano yote ameitoa hapa nyumbani.

Nikamwita wifi yangu Phelista, aje kutoka Bungoma ajionee. Kosa langu. Kijana wake Wabwile anafanya kazi benki, na hiyo benki tumeisikia miaka minne. Nilitaka asikie kitu kingine. Jentrix alikuwa amelala, nikafungua mtihani mmoja mwenyewe, kwa madaha. Ulisema:

weka mbuzi = 5
andika mbuzi + "Phelista"

Phelista akauliza kwani yeye ni mbuzi wa sita. Nikafunga haraka, nikafungua mwingine. Magunia 12, gawa kwa watoto 0. Akauliza ni chuo gani hicho, mtu analima magunia kumi na mawili na hana hata mtoto mmoja wa kumpa. Wa tatu unauza ng'ombe, na huko juu hakuna mahali ng'ombe alinunuliwa. Hapo alicheka mpaka akashika meza. Ati sokoni Chwele ukiuza ng'ombe wa hivyo, si polisi wanakulaza ndani bana? Ati atamwomba Wabwile amtafutie Jentrix kazi ya kuosha vikombe huko benki.

Aibu! Chai yangu ilipoa mkononi. Sikumwambia Jentrix kitu.

Jumatano, 16 Agosti.

Jentrix ameenda Bungoma kwa Salman, mwenye duka la kompyuta, kuazima betri. Stima ya huku haiaminiki. Aliniambia neno moja tu: Mama, usiguse. Nikasema ndiyo.

Nilisema ndiyo kwa mdomo.

Mtoto ni mchovu, ameandika mitihani mia tatu na arobaini, lazima mingine imtoke vibaya. Bwana Kagwe naye aje asome habari ya magunia bila watoto? Nikaketi. Kidole kimoja. Phelista nikamtoa kwa mbuzi, nikaweka 1. Ng'ombe nikamnunua kwanza, ndipo nikamuuza. Sifuri ya watoto nikafuta, nikaandika idadi ya heshima. Mingine ya aina hiyo nikainyoosha pia. Tisa! Mgongo unauma lakini moyo ni mwepesi. Kama ningesoma, daftari, sijui ningefika wapi.

Alhamisi, 17 Agosti.

Nimefika hapa.

Jentrix aliwasha mitihani asubuhi. Kijani, kijani, halafu nyekundu. Tisa. Mashine imeandika: karani alitakiwa kukataa, amekubali. Kumbe kila mtihani una jibu lake pembeni! Na jibu la hiyo tisa ni moja: KATAA. Mimi pembeni sikuangalia.

Jentrix anafikiri ni ile kazi yake ya kugawa imeharibu karani. Amekaa siku nzima anaibomoa, kazi ya wiki tatu. Anabomoa, anarudia mitihani, tisa nyekundu. Anabomoa tena. Tisa. Hajala. Nilimchinjia kuku, hakumgusa. Nikasema labda ni stima. Akasema stima haipotei ikachagua mitihani tisa. Nikasema labda paka. Akanitazama kwa upendo, ati Mama asante kwa kunitia moyo.

Heri angenipiga kofi.

Ijumaa, 18 Agosti.

Amejua. Alikuwa hajafikiria kuifungua mitihani yenyewe, maana ni nani angeigusa? Leo akafungua ule wa magunia. Akaniuliza, polepole, sisi kwa mama yetu tuko wangapi.

Nikasema sita.

Akasema hapa pia wako sita.

Daftari, nilitamani niingie kwenye pipa la maji. Nikamwambia yote: Phelista, mbuzi, benki, vikombe. Hakufoka. Alisema mitihani hiyo ilikuwa ya makusudi. Karani lazima apewe upuuzi, na lazima aukatae. Siku atakayokubali kujumlisha mbuzi na mtu, hiyo ndiyo aibu. Alisema kilichomuumiza si mitihani. Ni kwamba jana alikaa siku nzima akijiona mjinga, na mimi nilikuwa hapo natoa manyoya ya kuku.

Akaniuliza hiyo tisa ilisemaje mwanzo. Nikakumbuka mitano tu. Bahati nzuri nakala nzima ya mitihani, na ya ile kazi aliyobomoa, iko kwenye diski kwa Salman. Alikimbia Bungoma bila kunywa uji, akarudi jioni nayo. Ameirudisha yote. Kijani mia tatu na arobaini. Ameweka pia neno la siri. Nimelikubali kama adhabu.

Jumamosi, 19 Agosti.

Bwana Kagwe amekuja! Mtu mwembamba, anakula chapati kwa uma. Hakuangalia hata kijani chetu. Alivuta kibodi akaandika upuuzi wake mwenyewe, ati kuku 3 kutoa "askofu". Mimi nikashika kifua. Karani akakataa, akasema na ni mstari wa ngapi. Akagawa magunia kwa watoto sifuri. Karani akakataa! Bwana Kagwe akacheka, akasema wanafunzi wengi humletea mashine ya kukubali kila kitu, na huyu amezaa mashine yenye msimamo. Anarudi na wakubwa wake wa idara waione, ndio watoe neno la mwisho kuhusu kazi.

Jentrix alinishika mkono. Nililia kidogo. Nimeelewa kabisa sasa: upuuzi uachwe uwe upuuzi.

Jumapili, 20 Agosti.

Baada ya ibada nilitangaza. Kanisa lote linakuja. Phelista anakuja na Wabwile na mama mkwe wa Wabwile. Wakubwa wa chuo watakuwa viti vya mbele.

Sasa nimeketi nawaza. Hawa wote, na yule mama mkwe hatujuani, waone binti yangu ameandika watoto sifuri? Jentrix ameenda kumshukuru Salman. Neno la siri nililipata mara ya kwanza: jina la ng'ombe wetu. Si mimi niliyempa hilo jina?

Sita ilikuwa tamaa, nakiri. Nimeweka mtoto mmoja tu. Mmoja ataleta shida gani?

Wanakuja wote Jumamosi, tarehe 26.