Kamati ya Mfalme Rwehu

Tangu dunia iumbwe, hakuna mwandishi aliyewahi kuundiwa kamati ya riwaya. Rwehumbiza wa Mkolani aliundiwa, tena alijiundia mwenyewe!

Mhariri wa Dar alikuwa amempigia simu. Mswada wake, hadithi ya ufalme uliofichika chini ya ziwa, ulikuwa mwembamba mno. Aurudie, aunenepeshe, na zaidi ya yote amtazame upya Mfalme Rwehu, maana shujaa asiyeshindwa hata mara moja anachosha. Mtu mwingine angejifungia chumbani akaandika. Rwehumbiza, ambaye hanunui hata kiberiti bila mashahidi wa kumsifia, akaitisha kikao kama cha harusi.

Jumapili baada ya ibada wajumbe wakafurika uani, wote wanne. Mzee Shigela, mfugaji, akawa mwenyekiti kwa sababu ya mvi. Dorcas, fundi cherehani, akawa katibu. Nkwabi muuza samaki akawa mjumbe, na Josepha, mke wa mwandishi, akahesabiwa mjumbe akiwa jikoni anakaanga sato.

"Mtakachopitisha ndicho nitakachoandika," Rwehumbiza akatangaza, kifua mbele. "Sibadilishi hata nukta!"

Alikuwa na uhakika kwamba watapitisha sifa tupu. Akasoma jinsi Mfalme Rwehu, mrefu, mwenye mabega kama kabati na shahada tatu, alivyoongoza askari elfu arobaini waliopanda viboko wenye mabawa kwenda kumuua joka.

"Hao viboko wanakula nini?" Mzee Shigela akauliza.

"Mzee, hii ni hadithi ya kubuni!"

"Mnyama ni mnyama. Mimi ng'ombe thelathini tu wananitoa jasho kila kiangazi. Katibu, andika majani."

Dorcas akaandika, kisha akainua kichwa. "Shahada kasomea wapi, na nchi yenyewe haina hata chekechea?"

"Ng'ambo!"

"Ng'ambo ya wapi, Busisi, hapo tu ukivuka ziwa?"

"Mimi namwonea huruma joka," Nkwabi akadakia. "Kajikalia kwake, anafuatwa na mikuki. Kosa lake nini?"

"Basi natoa hoja," Dorcas akasema. "Joka amuue mfalme."

Rwehumbiza aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Mfalme Rwehu alikuwa yeye mwenyewe, aliyeongezwa urefu tu! Kila alichonyimwa na mtaa huu, heshima, mabega, watu wa kumpisha njiani, alikuwa amekipata humo. Ilimuuma kwelikweli.

Kura zikapigwa. Dorcas na Nkwabi wakataka mfalme afe. Mzee Shigela akasema aachwe, bado kijana. Ikabaki kura moja.

"Josepha mke wangu," Rwehumbiza akabembeleza, "waambie hawa watu!"

Josepha akatoka na mwiko mkononi. "Huyo mfalme, tangu sura ya kwanza, ameshawahi kuosha hata sahani?"

"Ni mfalme!"

"Afe," Josepha akasema. "Tena afe sura ya pili, tupumzike."

"Hoja imepita," akasema Mzee Shigela. "Sasa tuna msiba, na kamati ni hii hii. Dorcas, utasoma wasifu wa marehemu. Nkwabi, kaburi."

Rwehumbiza akanyoosha mkono kupinga. Nkwabi akaushusha taratibu, akampigapiga begani.

"Pole sana, bwana. Wewe ndiye mfiwa, usijisumbue kuongea. Tumeshakuteulia msemaji wa familia."