Mkono Wangu wa Kulia kwa Daktari wa Bima

Jumanne, 4 Machi
Barua imefika. Napelekwa kwa daktari huru! Huru kwa nani, wakati kampuni ya bima ndiyo inayomlipa? Mashine ya maboksi kiwandani ilinibana mkono wa kulia, hata kijiko kinaushinda, lakini wao hawaamini mpaka mtu wao aseme. Akisema sina nguvu, napata fidia. Akisema ninazo, narudi kwenye mashine ileile. Haya. Maumivu hayaonekani kwa macho, kwa hiyo nimejizoeza kuguna mbele ya kioo. Mke wangu anasema nimwambie tu daktari ukweli. Hajui mambo ya bima, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Mke kaamua kaka yake anisindikize kesho. Shemeji huyu! Mpakiaji wa kiwanda kilekile, kifua mbele, salamu yake ni kukuvunja vidole. Tangu siku ya posa ananiita Laini. Nimekataa. Hakuna aliyenisikiliza.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari hakunitazama hata usoni. Kanipa chuma cha kuminya, chenye mshale unaopima nguvu. Nikaminya kwa mkono mbovu. Kilo kumi tu! Safi kabisa, na wala sikuhitaji kuguna. Fidia hiyoo, nikajisemea.

Shemeji akaomba ajaribu. Daktari, shetani yule, akamwachia. Arobaini na nane. Akacheka mpaka muuguzi akachungulia, akasema sasa anaelewa kwa nini dada yake ndiye anayebeba mtungi wa gesi.

Damu ikanipanda. Nikakinyakua kile chuma, nikaminya kwa mkono uleule mbovu mpaka nikaona giza. Kitu kikaalika ndani ya kiganja. Arobaini na tisa! Shemeji akainama kuusoma mshale mwenyewe. Nikatabasamu huku machozi yananitoka. Daktari naye akatabasamu, akaandika kwa muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi
Majibu: mkono mzima, arudi kazini. Mzima! Umevimba, siwezi kufunga kifungo cha shati. Mke kaniuliza kama hiyo arobaini na tisa italipa kodi ya nyumba. Kisha akanifunga vifungo bila kunitazama. Niliona aibu, naandika hapa tu.

Ijumaa, 14 Machi
Wakili wa chama cha wafanyakazi kapambana: daktari mwingine Jumatatu, nafasi ya mwisho. Kaniambia niminye kadiri mkono unavyoweza, basi, nisilete ujinga. Safari hii mke ananipeleka mwenyewe. Nimeapa mbele yao wote wawili.

Sasa jioni hii nasikia shemeji anatangazia kiwanda kizima kwamba nilitumia mikono miwili. Mimi? Miwili? Mwongo mkubwa! Nimemtumia ujumbe aje Jumatatu, aje na wapakiaji wenzake. Wote wasimame pale mlangoni waone. Hamsini, kwa mkono mmoja!