Malalamiko Kuhusu Somo la Makoloni Kumi na Matatu

Kwa Mwalimu Magesa,
Mwalimu wa Historia, Kidato cha Tano.

Ndugu Mwalimu,

Pokea salamu kutoka kwa mjane wa marehemu Donatus, njia ya Bulyanhulu. Mimi ni mama yake Vumilia, mwanafunzi wako. Niliishia darasa la saba, hivyo nitaeleza polepole.

Nalalamikia somo lako. Nyumba yangu ilikuwa tulivu. Tulimzika mume wangu mwezi wa pili. Mdogo wake, shemeji Ngusa, alikuja kutoka Chato na begi moja kwa ajili ya matanga, na hadi leo yupo. Kikao cha ukoo kilimteua asimamie mji wetu. Mimi sikuwepo kikaoni. Nilikuwa jikoni nikiwasongea ugali wanakikao.

Ndipo Vumilia akaja likizo na daftari lako. Alinisomea habari za watu wa Amerika, waliotozwa kodi na mfalme wa ng'ambo bila kupewa kiti kwenye kikao chake, hata wakamwaga chai baharini. Yaliyofuata ni haya:

1. Shemeji alikuwa ameagiza kila yai la tatu liwe lake, kwa kazi ya kutulinda. Vumilia akamuuliza, "Baba mdogo, unatulinda na nani?" Shemeji alifikiri mpaka uji wake ukapoa. Kabla ya muhula huu hatukuwa na maswali ya namna hiyo.

2. Vumilia aliandika malalamiko kumi na mawili, akayabandika kwenye mlango wa stoo kwa ugali. La nne linasema mtawala ameuza dume la kulimia bila kutushauri. Kuanzia la tano hadi la nane kuku waliyadonoa, hivyo hayo tumeyasamehe.

3. Marehemu alikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi kwenye mkono. Alikuwa akipuliza chai mara tatu kabla ya kunywa, hata ikiwa imepoa. Siku ya tatu ya matanga shemeji alikichukua. Jumanne iliyopita chai yake yote, pamoja na pakiti nzima ya majani, ilikutwa kwenye hori. Ng'ombe walishinda wamechangamka. Shemeji akafoka, "Nani kamwaga?" Vumilia akajibu, "Makoloni."

4. Mama mkwe, Bibi Nyamizi, ndiye aliyemzaa huyo mfalme. Naye amehamishia kigoda chake jikoni, upande wetu.

Jumamosi ukoo unakaa tena kuamua kama mji ubaki chini ya shemeji. Ameshaanza kukunja nguo zake, na anasema akiondoka, wewe ndiye uliyemfukuza. Kwa hiyo naomba ulifute somo hilo, ufundishe la watu waliotawaliwa wakatulia.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na yule mlinzi aliyetubebea tranka siku ya mvua.

Ni mimi, kwa heshima na masikitiko,
Mama Vumilia

N.B. Chai nilimwaga mimi. Vumilia alikuwa bado amelala, alijitwisha tu kosa langu. Kikombe nimekiosha, kipo kwenye msumari wake. Jumamosi nitakaa kikaoni, na kiti nitatoka nacho nyumbani. Amosi wa bodaboda anayekuletea barua hii atasubiri jibu, maana daftari halisemi: wale watu wa Amerika walipokwenda wote kikaoni, nani aliwapikia?