Siku Lori la Soda Lilipofungwa kwa Kamba ya Ndama

Tegeni masikio, enyi watu wa Nyambureti, nanyi wa Mugumu mlioisikia habari hii nusu nusu mkaitia chumvi. Na aliye na soda mkononi aiweke chini kwanza, kwa maana habari hii inamhusu. Nitawasimulia vita kuu iliyopiganwa pale senta, mbele ya duka la Faridu, kati ya kampuni yenye malori yasiyo na idadi na mwanamke mmoja mwenye kamba moja. Wajukuu wenu watakataa kuamini. Waacheni wakatae, lakini ilikuwa.

Shujaa wetu ni Agustina binti Nashoni, aitwaye Mama Vedasto, mwanamke wa jembe lisiloazimwa, mpanda maharage mara mbili kwa msimu mmoja. Mara mbili, nawaambieni, wala si kwa kupenda. Shamba lake liko bondeni, chini ya senta, na mvua inaponyesha kila chupa ya plastiki iliyotupwa huko juu hushuka na mtaro kwa mbwembwe za jeshi linaloingia mji uliotekwa. Zikifika kwenye karavati lililo mpakani mwa shamba hujibana humo mpaka maji yanakosa njia, na maji yakikosa njia hupita kwenye maharage. Mbegu ya kwanza ilisombwa yote. Ya pili ndiyo kwanza imetoa majani, na mbegu ya tatu hana, wala hana wa kumwazima.

Basi mawingu ya mvua kubwa yalipoanza kujipanga, Agustina aliingia karavatini kwa magoti. Alizivuta chupa moja baada ya nyingine, akizishika shingo, na kila aliyoitoa aliigeuza akaitazama, na kila moja ilikuwa na chapa ile ile: ndege kwezi aliyevaa tai, alama ya Kampuni ya Soda Kwezi. Hapo ndipo wazo kuu lilipomshukia. Mtu mwingine angeona takataka. Yeye, mfugaji mwana wa mfugaji, aliona mifugo ya mtu, yenye alama ya mwenyewe, imeingia shamba la mwingine na kufanya uharibifu.

Na mifugo ya namna hiyo, kila mtoto wa kijiji anajua, haifukuzwi wala haichinjwi. Inakamatwa, inafungiwa, na mwenyewe anaitwa aje kuikomboa kwa faini. Agustina akamtoa ndama wake zizini akampeleka alale kwa jirani, akazijaza chupa humo, akafunga mlango kwa mti. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kutoa taarifa kwamba amekamata mifugo ya watu.

Mzee Waitara mwenyekiti, bwana wa maneno marefu, alifika na fimbo yake akitarajia fahali. Alipochungulia zizini akaziona chupa, akataka kucheka. Lakini Agustina akamkumbusha kwa upole kwamba mwaka uliopita ng'ombe wa Agustina mwenyewe aliingia kwenye mtama wa mwenyekiti, na mwenyekiti, huku amemshika yule ng'ombe hereni ya sikioni, alitamka mbele ya watu kwamba mali yenye alama haina udhuru. Je, sheria ile ilikuwa ya mtama wa mwenyekiti peke yake? Mzee Waitara akakohoa, akaizungusha fimbo yake. Akasema shauri litasikilizwa siku lori la Kwezi litakapoleta soda senta.

Siku ya lori ikafika. Likaja likinguruma kutoka Mugumu, limesheheni katoni hadi juu, vumbi likilitangulia kwa heshima zote, likasimama mbele ya duka la Faridu, muuzaji wa mizani isiyotetereka. Akashuka Nelson, ofisa mauzo, kijana wa shati la njano na ulimi wa asali, mtekaji wa maduka yote ya njia ile. Alipokuwa akisalimia wateja, Agustina alipita nyuma yake bila haraka, akaifunga bampa ya lori kwa kamba ya ndama, na ncha ya pili akaizungusha kwenye nguzo ya kibaraza cha Faridu, akapiga fundo la wafugaji, lile ambalo ukivuta ndiyo kwanza linakaza.

Dereva akacheka. Kamba ilikuwa nyembamba kuliko kidole chake. Akawasha injini. Faridu akaitazama nguzo, akalitazama paa lililoikalia nguzo, akamwomba dereva kwa jina la Mola aizime haraka. Naye Mzee Waitara, akiona saa yake imewadia, akatangaza kwamba mnyama akishafungwa na mdai hafunguliwi na yeyote mpaka shauri liishe, awe na miguu minne au matairi sita.

"Shikamoo mama," akasema Nelson, akijaribu kutabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekamata mifugo yenu."

Chupa zikapandishwa kwa magunia kutoka zizini kule bondeni, yakamwagwa miguuni pake. Nelson akazitazama chupa, akatazama umati, akajua kwamba hapa mauzo yataharibika. Akaokota chupa moja, akafungua mikono kama mhubiri.

"Mama yangu, na ninyi wazee wangu. Kampuni inajali mazingira kuliko mnavyofikiri. Ila soda ikishanunuliwa, chupa ni ya mteja, na mteja tumemwelekeza. Tazama hapa chini ya kwezi, tumemchora mtu anatupa chupa kwenye pipa la taka."

Agustina akaipokea ile chupa, akamkagua yule mtu mdogo wa kuchorwa.

"Huyu ni wa wapi?" akauliza. "Mimi nimeshinda karavatini, sijamwona akija kunisaidia. Na hilo pipa lake liko kijiji gani? Mwanangu, nisikilize. Ng'ombe akiuzwa, mnunuzi anaweka alama yake. Hizi bado zina ya kwenu. Tena soda yenu ilipokuwa kwenye chupa ya kioo mliifuata chupa hata nyumba yenye msiba, na Faridu hapa alikuwa hapati kreti mpya mpaka arudishe chupa tupu. Zile mlizipenda. Hizi nazo mmezizaa wenyewe, mbona mnazikana?"

Nelson akapiga simu. Shauri likapanda kutoka Musoma hadi Mwanza, na Mwanza likapelekwa kwa mkubwa aliyekuwa kikaoni, na kila mkubwa aliuliza kwanza kama mama huyo ana wakili, akajibiwa kwamba ana kamba. Radi ikalia kwa mbali. Agustina akayatazama mawingu: akishindwa, chupa zitabaki pale senta, na mvua ya jioni itazirudisha karavatini kabla hajafika nyumbani. Alisali kimoyomoyo, akaishika kamba.

Hatimaye amri ikashuka: chupa zipakiwe lorini, maduka mengine yanasubiri. Vigelegele vikapasua anga. Mzee Waitara, ambaye hajawahi kufunga shauri bila faini, akatoza katoni za soda, na Nelson akazishusha mwenyewe, akaziweka mbele ya mshindi. Dereva akaisogelea kamba.

"Bado," akasema Agustina.

Alikuwa akiziangalia zile katoni. Zote zilikuwa za plastiki.

"Faini nimepokea, na Mungu awabariki. Ila sipewi ndama wengine nikaachiwa kuwachunga. Zitanywewa hapa hapa, na tupu zitapanda lori hili hili. Ndipo nitafungua."

Ndipo mkaona, enyi mliokuwapo, jinsi watu wa Nyambureti walivyoitika mwito wa vita. Walikunywa wakulima, wakanywa wachungaji wa mifugo na wachungaji wa kanisa, akanywa Faridu akiwa ameiegemea nguzo yake, akanywa hata dereva. Chupa zikarudi lorini mojamoja, mpaka ikabaki moja, nayo ilikuwa mkononi mwa Bibi Gati, mwanamke mzee kuliko wote pale, asiye na jino hata moja, aliyekuwa akinywa kwa matone na kupumzika katikati.

Nelson akachuchumaa mbele yake. Akasubiri. Simu yake ikaita, akaikata.

"Bibi, bado kidogo?" akauliza kwa adabu.

"Soda haikimbizwi, mjukuu wangu," akajibu Bibi Gati. "Inakuja yenyewe."

Na kampuni yenye malori yasiyo na idadi ikasubiri. Mkubwa wa Musoma akasubiri, na wa Mwanza, na yule wa kikaoni, mpaka Bibi Gati alipomaliza, akacheua, akakifunga kizibo vizuri, akanyoosha mkono wenye ile chupa. Nelson akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Agustina akafungua fundo. Mvua ilimkuta shambani, amesimama kati ya maharage yake, miguu mikavu, akisikia maji yakipita ndani ya karavati bila kumgusa mtu, na akalia kidogo kwa furaha. Basi wekeni kumbukumbu, enyi wenye kalamu na enyi wenye vichwa: kuna siku soda ilinywewa Nyambureti, na chupa zikarudi kwao.